Bei Mbili za Ankara Moja

Kwenye ankara za jumla za Marekani kuna mstari mfupi ambao wenye maduka wengi huuruka: 2/10, net 30. Maana yake ni kwamba ukilipa ndani ya siku 10 tangu tarehe ya ankara utakatiwa asilimia 2, na ukizipitisha siku hizo una hadi siku ya 30 kulipa zote. Kwa mwenye duka la vyakula kwenye Central Avenue mjini Columbia Heights, Minnesota, kaskazini tu ya Minneapolis, mstari huo hufika pamoja na maboksi ya mafuta ya kupikia, mifuko ya karatasi, vikombe, sabuni na vipuri vya friji. Ankara hubandikwa ukutani au hutupwa ndani ya droo, na ikifika siku ya 29 hundi huandikwa. Mwenye duka hujiona mlipaji mzuri, kwa sababu hajachelewa.

Kwa hakika amechelewa siku 19, na amelipia kuchelewa huko. Tuchukue ankara ya dola 1,000. Anayelipa siku ya 10 anatoa dola 980. Anayelipa siku ya 30 anatoa 1,000. Yaani huyu wa pili amelipa dola 20 ili akae na dola 980 kwa siku 20 zaidi. Siku 20 huingia katika mwaka mara 18 na ushei, na ukipiga hesabu unapata gharama ya zaidi ya asilimia 37 kwa mwaka. Kati ya Julai 2023 na Septemba 2024 benki za Marekani zilikuwa zikiwatoza wateja wao bora asilimia 8.5, na kadi za mkopo kwa wastani zilikuwa zimepita asilimia 20 kidogo. Mwenye duka anayeogopa kadi kama ukoma, kumbe kila mwezi anamkopa msambazaji wake kwa bei inayoizidi kadi, na hakuna karatasi yoyote inayomwambia hivyo.

Msimamo wangu katika uchambuzi huu ni kwamba bei ya mzigo ule ni dola 980. Zile 20 ni bei ya muda. Programu ya hesabu inapaswa kupangwa ili iwaonyeshe wenye duka vitu hivyo viwili kila kimoja mahali pake, na programu nyingi, zikiachwa zilivyo, hazifanyi hivyo.

Kwanza tuweke mipaka, maana si kila mzigo una punguzo hili. Mboga na matunda mabichi yana sheria yake, ile ya mwaka 1930 ya mazao yanayoharibika, ambayo kwa kawaida humtaka mnunuzi alipe ndani ya siku 10 baada ya kupokea mzigo, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine kwa maandishi kabla ya kuuziana. Mifugo hubana zaidi: chini ya sheria ya mwaka 1921, anayenunua mbuzi au ng'ombe wa kuchinja anatakiwa kulipa kufikia mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo bucha la halali, ambalo ndilo moyo wa duka la Msomali au Mworomo, halina siku 30 za kuchezea huko mzigo unakotoka. Nguo na manukato yanayoagizwa kutoka Dubai mara nyingi hulipiwa kabla hayajapakiwa. Anayekwenda mwenyewe kwenye ghala la jumla na gari lake hulipa mlangoni. Vinavyobaki ni bidhaa kavu, vifungashio, vifaa vya usafi, vyombo na matengenezo.

Hicho kinachobaki si kidogo. Duka linalonunua mzigo wa namna hiyo wa dola 15,000 kwa mwezi lina dola 300 za kuokoa kila mwezi, dola 3,600 kwa mwaka. Biashara ya vyakula Marekani huishi kwa faida halisi ya senti moja hadi tatu katika kila dola ya mauzo. Kwa faida ya senti mbili, ili kupata dola 3,600 kwa kuuza, lazima upitishe mauzo ya dola 180,000 kwenye kaunta. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aitafute ile ankara ndani ya droo.

Swali linalofuata ni la fedha taslimu, nalo ndilo linalowazuia wengi. Siku ya 10 mzigo haujauzwa, kodi ya pango inasubiri, na mishahara ni Ijumaa. Je, ukope ili ulipe mapema? Ukiwa na mkopo wa benki wa asilimia 12 kwa mwaka, kuzikopa zile dola 980 kwa siku 20 kunagharimu takriban dola 6.44, na unaokoa 20. Hata kwa asilimia 24 gharama ni kama dola 13, bado unabaki na faida. Lakini kuna shimo hapa: msambazaji au kampuni ya malipo ikikutoza ada ya asilimia 3 kwa kulipa ankara kwa kadi, punguzo lote limeliwa na zaidi. Na mikopo ile ya haraka inayokatwa kila siku kwenye mauzo ya duka, ambayo mawakala wake hupita mlango kwa mlango, huwa ghali kuliko punguzo lenyewe. Asiye na akiba wala mkopo wa bei nafuu asijikaze kulipia kila ankara siku ya 10 halafu akose fedha za mishahara. Achague ankara moja kubwa, aanze nayo.

Sasa tuingie ndani ya programu, mahali ambapo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Ankara moja ina tarehe tatu: ile iliyochapishwa na msambazaji, ile ya mzigo kufika, na ile ya karani kuiingiza kwenye kompyuta. Siku 10 huhesabiwa kutoka ile ya kwanza, isipokuwa masharti yaseme vingine. Programu, karani asipogusa kitu, mara nyingi hujaza tarehe ya leo. Ankara ya tarehe 3 ikiingizwa tarehe 9, programu itasema punguzo linaisha tarehe 19, wakati kwa msambazaji limeisha tarehe 13. Mwenye duka atalipa tarehe 17 akiwa na furaha, akikata asilimia 2 zake. Msambazaji hatagomba; ataziacha zile dola 20 kama salio katika taarifa ya mwezi. Baada ya miezi sita masalio hayo yamekuwa rundo, upande mmoja unasema unadaiwa, upande wa pili unasema umelipa, na mapenzi ya kibiashara yameanza kuchacha. Hundi ya posta nayo ina siku zake njiani, na malipo ya benki kwa benki yanaweza kuchukua siku mbili tatu za kazi. Mwenye kulipa siku ya 10 kwa saa za programu yake hajalipa siku ya 10 kwa saa za msambazaji.

QuickBooks ya kwenye kompyuta, ile ambayo watunza vitabu wengi wa biashara ndogo Marekani walijifunzia kazi, huja na masharti ya 2/10 tayari kwenye orodha yake. Ukimpangia msambazaji masharti hayo, dirisha la kulipa ankara linaweza kupangwa kwa tarehe ya punguzo badala ya tarehe ya mwisho, na kuna kitufe cha kuweka punguzo na kuchagua akaunti litakakoandikwa. Kuna hata mpangilio wa kulichukua lenyewe bila kuulizwa. Lakini mwaka 2024 Intuit, kampuni yenye QuickBooks, iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya kawaida ya programu hiyo, na biashara mpya zinaelekezwa kwenye toleo la mtandaoni. Huko njia waliyozoea wahasibu ni ya mzunguko: unatengeneza hati ya mkopo kwa jina la msambazaji kwa kiasi cha punguzo, kisha unaitumia pamoja na malipo. Inafanya kazi, ila inategemea kumbukumbu ya mtu. Odoo, inayopendwa na wanaotaka programu ya chanzo huria, tangu toleo lake la 16 la mwaka 2022 ina sehemu ya punguzo la kulipa mapema ndani ya masharti ya malipo, na inakuuliza hata kodi ikatwe vipi. Tofauti hizi si za urembo. Mtu anayehama kutoka kompyuta kwenda mtandaoni bila kujua anaacha mlinzi mmoja nyuma.

Kuna pia suala la punguzo kukatwa juu ya nini. Tuseme ankara ni ya dola 3,240: mzigo 3,000 na usafiri 240. Maboksi ya dola 200 yamefika yamepasuka na yakarudishwa. Kwa desturi usafiri haupunguzwi, na kilichorudishwa hakihesabiwi, kwa hiyo asilimia 2 inakatwa kwenye dola 2,800, nayo ni dola 56. Unalipa 2,800, unaongeza 240, unatoa 56: jumla dola 2,984. Programu ikiachwa ikokotoe juu ya ankara nzima itakata dola 64.80, na zile 8.80 za ziada zitarudi kama salio la mabishano. Karani hodari hasahihishi hili mwisho wa mwezi. Huliona siku mzigo unaposhushwa, kalamu mkononi.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye leja. Kuna njia mbili za kuandika. Ya kwanza, inayotumiwa na wengi na ambayo programu nyingi huanza nayo, ni kuandika ankara kwa dola 1,000. Ukiwahi punguzo, dola 20 zinaandikwa kama punguzo lililopatikana. Ya pili ni kuandika ankara kwa dola 980 tangu siku ya kwanza. Ukichelewa, dola 20 zinaandikwa kama gharama, katika akaunti ya punguzo lililopotea. Mwisho wa mwaka faida halisi karibu itafanana. Kinachotofautiana ni kile ambacho mwenye duka anakiona. Njia ya kwanza inamsifu kwa mara alizowahi na kunyamaza kuhusu mara alizochelewa. Mwenye dola 400 za punguzo lililopatikana atapongezwa na mhasibu wake, na hakuna atakayejua kwamba aliacha 3,200 mezani. Njia ya pili huziweka 3,200 kwenye ukurasa wa gharama, chini ya umeme na juu ya bima, na hapo mtu huuliza.

Viwango vya kimataifa vya hesabu viko upande huu kwa kiasi fulani: kanuni ya IAS 2 inataka punguzo la biashara litolewe kwenye gharama ya mzigo, na kamati ya tafsiri ilieleza mwaka 2004 kwamba punguzo la kulipa mapema nalo lihesabiwe hivyo, lisifanywe mapato. Mamlaka ya kodi ya Marekani ni pole zaidi. Inamruhusu mfanyabiashara kupunguza manunuzi au kuweka punguzo kwenye akaunti ya peke yake na kulihesabu kama mapato, mradi ashikamane na njia moja kila mwaka.

Kwa duka dogo lenye toleo la mtandaoni, napendekeza mpango ambao hauhitaji programu mpya. Ingiza ankara kwa tarehe yake iliyochapishwa. Ongeza mstari wa kutoa dola 20 ili jumla iwe 980. Weka masharti ya siku 10, si 30, na uandike kwenye maelezo kwamba mwisho halisi ni siku ya 30 kwa dola 1,000. Sasa programu itakupigia kelele siku ya 10, siku yenye fedha ndani yake, na ukichelewa utalazimika kuongeza mstari wa dola 20 kwa mkono wako ili ulipe. Kuna usumbufu: taarifa ya msambazaji itaonyesha 1,000 na yako 980, kwa hiyo ulinganishaji wa mwisho wa mwezi unataka uangalifu. Naona usumbufu huo una thamani yake.

Lakini mpango huo unafungua mlango ambao kwa Mwislamu hauwezi kufungwa kwa hesabu tu. Ukishaandika waziwazi kwamba mzigo ni 980 na muda ni 20, umeandika kitu kinachofanana sana na riba. Kwenye ankara ilijificha chini ya jina zuri la punguzo. Kwenye leja iliyonyooka imesimama peupe, na naona ni vizuri isimame peupe, kwa sababu swali la dini halijibiwi kwa kulificha.

Wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi chini ya kauli ya punguza upesishe: mdai anasamehe sehemu ya deni ili alipwe kabla ya wakati. Wengi katika madhehebu manne, pamoja na Mashafii ambao ndio wengi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki na Somalia, walilikataa. Ibn Abbas amepokewa kuliruhusu, na Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wakaliunga mkono. Mwaka 1992, mjini Jeddah, Chuo cha Kimataifa cha Fiqhi cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu kiliamua kwamba kusamehe sehemu ya deni ili lilipwe mapema si riba, kwa masharti mawili: yasiwe makubaliano ya awali, na jambo libaki kati ya mdai na mdaiwa bila mtu wa tatu.

Sharti la kwanza ndilo linaloigusa ankara yetu, maana 2/10 imechapishwa kabla mzigo haujashuka. Na wapo wanaoona tatizo jingine: mauzo yana bei mbili, na mnunuzi ameondoka bila kuamua ni ipi. Hapo hapo ndipo penye njia ya kutokea ambayo wanafiqhi wengi wameikubali, kwamba kutajiwa bei ya taslimu na bei ya muda si kosa ikiwa mnunuzi anachagua moja kabla ya kuachana. Fatwa ni ya wanazuoni, na mwenye duka amuulize anayemwamini. Mhasibu anachoweza kufanya ni kuandaa njia: mwenye duka amwambie msambazaji wakati wa kuagiza, nataka bei ya 980 na nitalipa ndani ya siku 10, na ankara ichapishwe hivyo. Wasambazaji hukubali jambo hili mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu wanachokitaka ni fedha mapema. Ankara ya bei moja ni rahisi pia kwa programu yoyote. Kwa mtaji wa kuanzia ulipaji huo, Minneapolis ina African Development Center, shirika lililoanzishwa na marehemu Hussein Samatar mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambalo limekuwa likitoa ufadhili wa biashara ndogo usio na riba.

Wapo pia wanaotunza vitabu viwili: vya duka la Columbia Heights na vya duka la ndugu Nairobi au Arusha, kwa programu ile ile. Hao wajihadhari. Minnesota mzigo wa kuuza tena haulipiwi kodi ya mauzo ukiwa na cheti cha msamaha, kwa hiyo punguzo halikorogi kodi. Kenya kuna VAT ya asilimia 16 na Tanzania Bara asilimia 18, na VAT imekwisha andikwa kwenye ankara kabla ya punguzo kuchukuliwa. Kenya, ambako ankara hupitia mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS, punguzo linalokuja baadaye linahitaji hati ya mkopo ya muuzaji kupitia mfumo huo huo. Ukilipa pungufu bila hati hiyo, vitabu vyako na vya mamlaka ya mapato vitasema mambo mawili. Isitoshe, huko shida kubwa zaidi imekuwa kinyume chake, yaani wanunuzi wakubwa kuchelewa kulipa. Kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, Nakumatt, ilianguka ikiwa inawadai wasambazaji uvumilivu na kudaiwa nao mabilioni ya shilingi, na mwenzake Tuskys ikafuata njia hiyo hadi Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaiingilia mwaka 2020 juu ya madeni ya wasambazaji. Mnunuzi mkubwa anayekata punguzo huku akichelewa amechukua vyote viwili, na hilo ni dhuluma hata likiwa na safu yake nadhifu kwenye programu.

Hapo tumegeuka upande wa pili wa kaunta, na wengi wetu Minnesota tuko upande huo: kampuni za usafi, za usafirishaji, za upishi, za ukalimani, zinazosubiri kulipwa. Sheria ya jimbo inazitaka manispaa ambazo mabaraza yake hukutana angalau mara moja kwa mwezi zilipe ndani ya siku 35 tangu kupokea huduma au ankara, na zikichelewa zilipe nyongeza ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwenye kampuni ndogo hushawishika kuandika punguzo kwenye ankara yake ili alipwe upesi. Aangalie kwanza ratiba ya mteja. Kama malipo yanangoja orodha ipitishwe kwenye kikao cha baraza, siku 10 hazitatosha, na punguzo lake halitamvuta mtu. Siku 20 zinaweza kutosha. Lakini asilimia 1 kwa kulipwa siku ya 20 badala ya siku ya 35 ni gharama ya karibu asilimia 25 kwa mwaka, na gharama hiyo sasa ni yake. Kabla ya kuichapisha kwenye ankara, aulize mkopo wa benki au wa shirika kama lile la Samatar ungemgharimu kiasi gani kwa siku hizo 15.